Kabati Langu Limemsingizia Kabula

Alhamisi, mchana. Mvua ilitishia tangu alfajiri, ikaishia kutupulizia vumbi tu. Upepo wa ziwa umefika mpaka huku Igoma kuchezea mabati ya karakana yetu. Moyo mwepesi, mikono inanuka grisi. Naandika nimekalia kopo la rangi.

Daftari langu, kwanza tukubaliane: Mwanza nzima hakuna fundi kama mimi. Kidato cha pili hesabu zilinishinda, nikarudishwa nyumbani na barua. Sawa. Lakini nani kati ya waliofaulu amewahi kutengeneza kabati linalojua nani kachukua nini?

Nangoja jibu.

Habari zake nilishakuandikia, ila narudia kwa raha yangu. Wodi ya wazazi pale hospitali ilikuwa na ugonjwa wake yenyewe. Mashine za kupima presha zipo tano, ukizitafuta huoni hata moja. Kila nesi anaogopa kupotelewa, basi anaifungia kwenye droo yake, na zamu ikiisha ufunguo unaondoka naye hadi nyumbani kwake Buzuruga. Analetwa mama mjamzito, kichwa kinampasuka, macho yanaona ukungu, na watu wazima wanakimbizana na ufunguo. Ndipo nikaitwa mimi.

Nikachukua kabati la chuma la kiwanda cha pamba kilichofungwa, lile la wafanyakazi kutundikia nguo, nikalikata, nikalitia milango mitano. Kila mhudumu ana kipande chake cha shaba chenye namba. Ukitaka mashine, unatumbukiza kipande kwenye tundu, kitasa kinafyatuka. Kipande kinanaswa humo humo, kinaonekana kwa nje kwenye kidirisha cha kioo, na hakitoki mpaka mashine irudi kukandamiza springi yake.

Wazo ni langu.

Haya, si langu. Baba alifanya kazi kiwandani pale mpaka walipopunguzwa, na stoo yao ilikuwa huazimwi spana bila kuacha kipande chako. Mimi nimeongeza tundu, springi na maneno mengi. Maneno yenyewe nilimwambia Metroni, mkuu wa manesi, mbele ya wodi nzima: “Kabati hili halidanganyi, Metroni, halisahau, na halina undugu na mtu.”

Leo asubuhi limedanganya.

Nilifika saa mbili kutia mafuta vitasa, nikawakuta manesi wamelizunguka kama watu waliofiwa. Mlango wa tatu mtupu tangu jana mchana. Kwenye kidirisha, namba kumi na nne. Namba ya Kabula.

Kabula ni nesi mdogo kuliko wote pale, na ndiye anayenitukana kila asubuhi. “Fundi mdomo umekuja? Umenawa?” Leo hakunitukana. Amesimama anaangalia viatu vyake. Jina lake limepita kwenda kozi ya ukunga mwezi ujao, na kila mtu pale anajua kwamba ukipata barua ya onyo kwenye faili, kozi unaisikia redioni tu. Metroni alikuwa ameshashika kalamu.

“Mashine iko wapi, Kabula?”

Metroni akagonga kidirisha kwa kalamu.

“Kabati limesema ni wewe. Au kabati linasema uongo?”

Hapo wote wakanigeukia mimi. Nikasema nini? Nikasema, “Kabati haliwezi kukosea, Metroni.” Nimeandika hivyo ili nikisoma siku nyingine nione aibu vizuri.

Metroni akaenda kuchukua karatasi ya barua. Nikamfuata Kabula kwenye sinki, nikamuuliza kwa sauti ya chini mashine kampa nani. Alifungua bomba, akafunga. Mwisho akasema, “Daktari Mkuu aliihitaji.”

“Sasa kwa nini hakuweka kipande chake?”

Akaniangalia kama mtoto mpumbavu. “Wewe Maduhu, una akili kweli? Yule ni sawa na baba yangu. Nimwambie shikamoo, akishaitikia marahaba nimwambie toa kipande? Nikaweka changu.”

“Basi mwambie Metroni.”

“Nimshitaki mzee? Sithubutu. Na wewe usithubutu.”

Daftari, niliogopa. Si kwa sababu ya Kabula peke yake, nisijipake asali. Niliona nikisema ukweli, Metroni atasema kabati ni takataka, nilibebe nirudi nalo Igoma, vijana wa karakana wanicheke mpaka Krismasi. Nikisema uongo, kabati linabaki na Kabula anakwama.

Kisha nikakumbuka mikwaruzo.

Tundu zangu ni za chuma kigumu, na shaba ni laini. Kipande kikipita mara mbili tatu kinachubuka ukingoni. Nikamuomba Metroni aniletee vipande vyote, hata vile vya wakubwa alivyoviweka kwenye droo yake. Nikavipanga mezani. Vya manesi vimechubuka vyote. Cha Daktari Mkuu kinang'aa kama siku niliyokigonga namba.

Na kingine kimoja kinang'aa hivyo hivyo.

“Metroni, shikamoo tena,” nikasema. “Hata chako hakina mkwaruzo. Na wiki nzima nimekuona na mashine mkononi. Kabati langu limekosea, naungama. Linajua nani kaweka kipande, halijui nani kaagiza. Hawa wadogo wanawawekea wakubwa.”

Manesi walirudi nyuma hatua moja. Mmoja aliniambia baadaye kwamba alikuwa ameshaanza kunililia.

Metroni alikigeuza kile kipande chake, akakigeuza tena. Halafu akasema polepole, “Kijana, una mdomo mbaya sana.” Akaikunja ile karatasi ya barua, akaitia mfukoni bila kuandika neno, akaenda mwenyewe kugonga mlango wa Daktari Mkuu.

Mzee alitoka na mashine imefungwa kwenye taulo. Alikuwa kaenda nayo kwake kujipima presha, kwa sababu hapa kazini hataki mtu ajue kwamba na yeye anaumwa. Aliyasema hayo mbele yetu wote, sauti imeshuka. Alipoambiwa nusura Kabula aandikiwe, alivua miwani. “Pole, mwanangu,” akasema. Akairudisha mashine mwenyewe, kipande cha Kabula kikachomoka. Kisha akaweka chake, akaitoa tena, akakaa kwenye benchi la wajawazito akampa Kabula mkono ampime.

Metroni naye akatumbukiza chake mlango wa pili. Kiligoma kidogo, akakisukuma kwa gumba. Kabati linabaki, tena Metroni anasema wodi ya watoto nao wanalitaka lao. Mimi nilishasema, hakuna fundi kama mimi.

Wakati naondoka Kabula alinikimbilia hadi getini. Metroni ameshamsainia fomu ya kozi, wino haujakauka. “Usijione,” akaniambia. “Kabati lako bado jinga.” Halafu akacheka, meno yote nje.

Atakaa huko chuoni miaka miwili.

Yaani nimejifunga goli mwenyewe, na bado nina furaha. Sasa asubuhi nani ataniuliza kama nimenawa?