Jina la Chanda Lililobaki Chini

Tunduma, Jumapili jioni

Mama Tumaini, mke wangu,

Nakusalimu, na kwanza nakuulizia kifua chako, maana baridi ya Ibaba naijua. Viazi vimeshatoka ardhini? Mimi mwili ni mzima, ila nimechoka, na uchovu wenyewe si wa kubeba mizigo.

Unajua nilivyojifunza kuandika programu baada ya kustaafu ualimu. Hapa kwenye maegesho ya malori niliwatengenezea dirisha la kompyuta linaloonyesha foleni ya kuvuka kwenda Zambia. Kila dereva ana kisanduku chenye jina lake. Mlinzi wa geti hutazama skrini na kuita. Lakini madereva wana desturi yao: mwenye msiba au mgonjwa hupishwa na wenzake. Wanakubaliana kwa mdomo tu, kisha karani wetu, Sikitu, anabadilisha mpangilio.

Wiki mbili zilizopita alipishwa Chanda, Mzambia, aliyekuwa akiwahi maziko ya mama yake. Sikitu akaingiza mabadiliko. Kumbe programu yangu ilipanga visanduku vipya bila kuondoa vya zamani. Nikueleze: ni kama kubandika tangazo jipya nyuma ya lile la jana. Ndani, kompyuta ilijua Chanda ni wa kwanza. Machoni pa mlinzi alikuwa wa mwisho. Chanda alisinzia kwenye lori akijua ataitwa. Wenzake, kila walipoitwa, walidhani ameshatoka. Jua lilipozama ndipo mmoja alipoliona lori lake.

Hakunigombeza. Aliniita babu kwa lugha yao. "Bashikulu, watu wote walinipisha. Ni mashine yako tu iliyokataa."

Afadhali angenitukana. Alifika kwao mama ameshazikwa.

Mwenye maegesho alitaka tuache skrini, turudi kuitana kwa sauti tu, nikamwomba anivumilie. Dawa niliipata: foleni inapobadilika, programu iondoe kwanza visanduku vyote, ivipange upya, kisha dirisha liambiwe lijichore tena. Ukisahau hilo la mwisho, linaendelea kuonyesha picha ya zamani. Kueleza ni rahisi, lakini macho yameniuma. Sikitu ananitania kwamba kompyuta hii nitaioa, wewe ujiandae kuwa mke mkubwa.

Leo Chanda amerudi na mzigo mwingine. Nikamwomba radhi; akaitikia kwa kichwa. Mchana akampisha dereva ambaye mtoto wake amelazwa ng'ambo. Akasimama mbele ya skrini, mikono mfukoni, mpaka akaliona jina la mwenzake limepanda juu, na bado hakuondoka. Lori lile lilipotoka getini ndipo akaja kuketi mezani kwangu, akaomba chai.

Nisalimie mama, Tumaini na mumewe huko Isongole, na mzee wa kanisa anayekukatia kuni.

Mumeo anayekukumbuka,
Baba Tumaini