Taa ya Moteri

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Nyembamba, isiyoacha. Nimepakia kama kawaida: wali nyuma kulia, maharage nyuma kushoto, samaki mukeke wa kukaanga chini, amefunikwa. Wateja wangu wa ofisini Kinindo wanataka chakula kabla ya saa sita na nusu. Wiki ya pili tangu nitoke eda. Wiki ya pili naendesha gari la marehemu Ramadhani.

Kufika daraja la Muha, taa ya moteri, ya injini, imewaka. Ya njano. Gari linakwenda vizuri tu. Kichwa kinauma kidogo. Madirisha nimeyafunga kwa sababu ya mvua.

Baada ya daraja, Ramadhani amekohoa.

Si kikohozi cha hospitali. Kile cha zamani, cha kusafisha koo kabla ya kusema jambo. Kiti cha kushoto, pale nilipokuwa nikikaa mimi, yeye akiendesha. Sikugeuka. Niliogopa. Kisha sikuogopa.

Jumanne, 4 Novemba

Jua. Madirisha wazi. Hakuna mtu. Taa bado inawaka.

Alhamisi, 6 Novemba

Mvua kubwa. Amekuja.

"Vitesi ya tatu," amesema. Nilikuwa gia ya pili, moteri inalia. Nikatia ya tatu. Alikuwa hivyohivyo aliponifundisha kuendesha. Hakuniambia kitu kingine.

Nimezunguka barabara ya ziwa mara mbili kabla ya kurudi nyumbani. Esansi ya gari niliipata kwa foleni ya siku nzima, nikaimaliza kwa ajili ya mtu aliyekufa. Sijuti.

Asubuhi Mama Furaha, jirani yangu aliyetoka Uvira anayenisaidia jikoni, alinikuta najipaka wanja.

"Unapaka wanja juu ya kupeleka maharage? Nani anakungojaka kule Kinindo?"

Nikamwambia macho yananiuma.

"Macho inauma, na unacheka peke yako. Eh, dada. Kama iko na ndugu yake, uniletee na miye."

Nimecheka kweli. Mara ya kwanza tangu mazishi.

Jumamosi, 8 Novemba

Mawingu, joto. Nimepeleka gari kwa Yasini. Ndiye fundi wetu siku zote, alikua pamoja na Ramadhani hapahapa Buyenzi. Nilitaka taa izimwe, basi. Inanisumbua macho.

Amechomeka kamashine kake chini ya usukani. Ikatoka kode, namba ya hitilafu, ya katalizeri, kile kikopo cha chuma chini ya gari kinachosafisha moshi.

"Iyi kode naijuaka," amesema akicheka. "Nilimufutia Rama mara mbili. Inarudiaka kama shemeji anakuja kuomba chumvi. Samahani, shemeji, si weye."

Safari hii hakuifuta. Akaingia chini ya gari. Alipotoka hakuwa anacheka. Katalizeri yenyewe huenda bado nzima. Bomba la eshapoma, la kutolea moshi, limepasuka mbele yake, hewa inaingia, ndiyo maana mashine inasoma vibaya. Na bati la sakafu juu ya ufa limeoza. Moshi unapanda ndani.

Akaliendesha peke yake, madirisha yamefungwa, ili ahakikishe. Alichelewa kurudi. Akashuka, akashika mlango, hakuniangalia.

"Shemeji. Kichwa inakuumaka ndani ya iyi gari?"

"Kidogo."

"Na kitu ingine?"

Nikasema hapana. Nimedanganya.

Anasema sumu ya moshi ule haina harufu. Inaua mtu akidhani amesinzia. Niache gari leo, achomelee. Nikamwambia nina oda za watu, nitaleta wiki ijayo. Akanitaka niahidi kuendesha madirisha wazi, hata mvua inipige. Nikaahidi. Nilijua wakati uleule kwamba ni uongo.

Basi sasa najua. Ni moshi. Najua, na bado nataka aje. Gari likichomelewa, Ramadhani anakufa tena, na safari hii ni mimi niliyempeleka kaburini.

Jumatatu, 10 Novemba

Asubuhi kavu. Nimefunga madirisha hata hivyo.

Amekuja karibu na daraja. Amegonga dashibodi kwa pete, kama alivyozoea wimbo ukimpendeza. Redio ilikuwa imezimwa. Nimemweleza habari za nyumba, za kodi, za dada yake. Hajibu. "Vitesi." "Punguza." Basi.

Nimetapika nje ya geti kule Kinindo. Nimepakua wali nikiegemea ukuta. Nimejiambia kesho nitapeleka gari. Kisha nikajiambia Ijumaa.

Jumatano, 12 Novemba

Dhoruba. Shule imewaachia watoto mapema, nimemfuata binti yangu Zuhura mwenyewe. Darasa la kwanza, mgongo wote umelowa.

Niliyaacha madirisha wazi. Wallahi niliyaacha wazi. Mvua ikaingia juu ya madaftari yake, akalia, nikafunga. Nikasema ni njia fupi.

Alitaka kukaa mbele. Nikamwambia akae nyuma.

"Mbele hakuna mutu, mama."

"Kaa nyuma."

Barabara zilijaa maji. Tukasimama muda mrefu, moteri inaunguruma. Ramadhani akaja, karibu kuliko siku zote. Niliisikia nguo yake ikigusa kiti. Sikuangalia nyuma hata mara moja.

Nyumbani Zuhura hakuamka. Nimemwita, nimemtikisa. Kichwa kilianguka upande. Nimemtoa nje, nikamlaza mikononi mwangu kwenye mvua, nikapiga kelele. Mama Furaha ametoka na mwiko mkononi. Pikipiki ya jirani ikatupeleka kituo cha afya. Wamemtia oksijeni. Ametapika, akafungua macho, akauliza madaftari yako wapi.

Mimi pia wamenitia. Nimeiondoa, nikaambiwa niirudishe.

Alhamisi, 13 Novemba

Sijui hali ya hewa ya asubuhi. Sikutoka.

Zuhura mzima. Anakula, anabishana. Sijalala. Nawaza jambo moja tu na nitaliandika.

Alikuwa amekaa pale. Mtoto wake amelala nyuma anakufa. Na hakusema kitu juu yake. "Punguza," akasema, mara mbili. Ramadhani angevunja kioo kwa kiwiko. Angenitukana mpaka mtaa wote usikie. Mtu aliyekaa pale hakuwa na mtoto.

Nilimwachia mwanangu kiti cha nyuma kwa ajili ya huyo.

Ijumaa, 14 Novemba

Jua kali. Yasini alikuja mwenyewe kulichukua gari, Mama Furaha alikuwa amemweleza. Sikuweza kuketi ndani. Nimemfuata kwa miguu hadi garaji.

Amekata bomba, akatia kipande kipya, akachomelea. Akaziba sakafu kwa bati. Akafuta kode. Kabla ya kuanza, nilifanya jambo ambalo bado sijielewi. Baada ya yote ya jana na juzi. Nilimwomba aniache niwashe gari nikae mara moja tu, dakika chache, nimuage.

Hakushangaa. Akachomoa ufunguo, akautia mfukoni.

"Na miye nilimusikia," amesema. "Ile siku ya Jumamosi. Alinitukana juu ya kufuta ile kode. Vile alikuwaka ananitukana, na mama yangu ndani ya matusi." Akatabasamu, kisha uso ukamvunjika. "Nikazunguka tena, shemeji. Niliona macho yangu inaingia giza, na nikazunguka tena. Ilikuwa tu moshi. Lakini nilizunguka."

Akavaa glavu za kuchomelea.

"Jeneza ya Rama nilibeba mbele," akasema. "Yako sibebi. Uende ukae kwa kivuli."

Nimekwenda kukaa kivulini. Cheche ziliruka. Nimeangalia mpaka mwisho.

Jumapili, 16 Novemba

Mvua ya asubuhi, ya upole. Hakuna oda leo.

Nimetoka peke yangu. Nimefunga madirisha. Barabara ya ziwa ilikuwa tupu, maji na mbingu rangi moja. Taa haikuwaka. Kichwa hakikuuma. Nimeendesha hadi barabara ilipogeuka na kurudi.

Lilikuwa gari tu. Vifutio vinakwenda na kurudi.

Nimeegesha pembeni, nikalia kama mtu aliyepewa habari leo. Watu wawili wamepita chini ya mwavuli mmoja, wakaangalia, wakaendelea na njia yao. Nimemwambia Ramadhani yote niliyotaka kumwambia. Hakuna aliyejibu, na nilijua kwamba hakuna wa kujibu, na nikaendelea kusema mpaka maneno yakaisha.

Nyumbani Mama Furaha alikuwa amepika ugali na ndagala, wale dagaa wa ziwani. Akaniwekea sahani. Nimekula yote. Nikajinyoosha kwenye mkeka karibu na Zuhura aliyekuwa akichora, kupumzisha mgongo kidogo.

Naandika haya baada ya kuamka. Zuhura anasema aliweka mkono kifuani mwangu kuona kama napumua, kisha akaangalia saa ya ukutani ili anieleze. Nililala saa nane na robo mchana, na nilikuwa napumua.