Habari za Miguu ya Baba

Kijiji cha Kinyangiri,
Mkalama, Singida.
16 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Lazaro,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Shikamoo yako nimeipokea ingawa hukuituma. Mwaka wa sita huu najiamkia mwenyewe na kujiitikia marahaba. U hali gani huko Tunduma? Wifi yangu Mwantum hajambo? Na Mansuri nasikia ameanza chekechea, je, ameshajua kuandika jina lake? Wanasema baridi ya huko haina huruma. Ya kwetu nayo imefika, pamoja na upepo wake wa vumbi.

Sisi hatujambo, isipokuwa baba, na yeye ndiye sababu ya barua hii. Ningepiga simu, lakini tunajuana. Nikitamka tu neno "mzee", mtandao wa kwako unaharibika. Barua huwezi kuikata katikati. Unaweza kuichana, lakini najua utaokota vipande uvisome.

Alizeti tumevuna, si haba. Shemeji yako Benjamin bado anabeba magunia, mgongo unamuuma na anataka kila mtu ajue. Mpwa wako Pendo yuko kidato cha pili na amenipita urefu, sasa nikimkemea inabidi niangalie juu.

Sasa niseme ya baba. Tangu mwaka jana mwendo wake ulibadilika. Alianza kulalamika kwamba nyayo zina ganzi, anakanyaga chini na haisikii ardhi. Kisha akawa anatembea ametanua miguu, anainua mguu juu na kuubwaga chini kwa kishindo, macho hayabanduki kwenye vidole vyake. Akinawa uso asubuhi anaangukia beseni. Giza likiingia hatoki nje bila kushika ukuta. Zahanati walimpa vidonge vya maumivu, naye akavimeza vyote kwa utii, ingawa alikuwa hana maumivu.

Kanisani ndiko alikoumia zaidi. Unajua ni mzee wa kanisa tangu sisi wadogo. Basi tukisimama kusali, macho yamefumbwa, yeye anaanza kuyumba, na siku moja akamwangukia mama mmoja wa kwaya. Hazikupita Jumapili mbili maneno yakaenea kwamba Mzee Philipo siku hizi anapitia kilabuni kabla ya ibada. Hao waliomwona akiyumba wakati wa sala, sijui wao walikuwa wamefumba macho yapi. Mzee Stefano, mwenzake katika baraza la wazee, alikuja mpaka nyumbani kumjulia hali, akamkalia karibu mno huku akivuta pumzi kama mtu anayenusa mboga iliyolala. Hakusikia harufu yoyote, lakini bado walimwomba baba apumzike utumishi kwa muda. Baba hakujitetea hata kwa neno moja. Alihamia benchi la nyuma, kwenye ukuta, apate pa kujishikilia.

Mimi nililia siku ile, nakwambia kweli. Baba yetu hajawahi kuonja pombe, labda dawa ya kikohozi.

Mwisho wa Mei nikaona imetosha, nikampeleka hospitali mjini Singida. Tulipokelewa na daktari kijana anayeitwa Ritha. Alimwamkia baba shikamoo kabla hajagusa faili, na hapo akawa amempata. Nilidhani atampima presha, aandike dawa, tuondoke. Kumbe kazi yenyewe ilikuwa kumtazama mzee akitembea. Alimtoa hadi kwenye korido akamwambia aende mpaka dirishani na kurudi, yeye akasimama nyuma yake. Baadaye akageuka akampa kisogo, anasikiliza tu. Aliniambia kishindo cha nyayo nacho kina habari zake.

Akamwambia sasa tembea bila kuangalia miguu. Baba akaenda hatua tatu akashika ukuta. Akamwambia tembea kwenye mstari wa vigae, kisigino kiguse vidole vya mguu wa nyuma. Hapo alishindwa kabisa, na watu waliokaa kwenye foleni wakaanza kutazamana. Nikajua wanafikiri yale yale ya Kinyangiri. Lakini kusimama kwa visigino aliweza, na kwa ncha za vidole aliweza akishikwa mkono. Daktari akasema, "Nguvu anazo. Kinachokosekana ni taarifa."

Akamsimamisha miguu pamoja, mikono chini. Macho wazi, alisimama vizuri. Akamwambia afumbe macho. Lazaro, haikufika hesabu ya tano. Baba aliyumba kama nguzo ya ua isiyoshindiliwa, na daktari, ambaye alikuwa amejiweka tayari ametandaza mikono, akamdaka. Akanieleza kwamba mtu husimama kwa msaada wa macho, masikio na habari zinazopanda kutoka miguuni. Miguu ya baba imeacha kupeleka habari, kwa hiyo anasimama kwa macho. Ukimfumba macho, umemwondolea fimbo yake ya mwisho. Ndiyo maana beseni, ndiyo maana giza, ndiyo maana sala. Nilitamani baraza zima la wazee liwe pale kwenye korido.

Ndani, kitandani, alimgonga kwa kinyundo cha mpira. Goti liliruka mpaka baba akaomba radhi, lakini pale nyuma ya kisigino palikaa kimya. Akatoa chuma kama uma wenye meno mawili, akakigonga kinatetemeka, akakiweka juu ya mfupa wa mkono. Baba akasema kinanguruma kama mashine ya kusaga. Akakiweka kwenye kidole gumba cha mguu. Baba akasema ni baridi. Kinatetemeka? Hapana, baridi tu. Kwenye kifundo, hapana. Alianza kukisikia kilipofika gotini.

Halafu akamfumba macho, akashika kile kidole gumba, akawa anakipandisha na kukishusha polepole na kuuliza kimeelekea wapi. Baba akabahatisha, juu, chini, juu, mara nyingi amekosea. Mwisho akachoka akasema, "Mwanangu, wewe ndiye uliyekishika, si unajua mwenyewe?" Daktari alicheka. Mimi sikuweza kucheka. Mtu wa miaka sabini na mbili hajui kidole chake kiko wapi.

Wakapima damu. Sukari hana. Wakapima na kaswende, na baba alipojua anapimwa nini alininunia mpaka saa sita. Hana. Ila chembe zake za damu zilikuwa chache na zimekuwa kubwa kupita kawaida, na hapo daktari akauliza swali ambalo sikulitegemea. Mzee anakula nini?

Nikajibu mimi, haraka haraka kama mwanafunzi anayejua. Ugali wa mtama na mlenda, maharage, viazi, karanga. Nyama? Nikasema nyama hapendi, meno. Maziwa? Tumbo linamsumbua. Mayai, dagaa? Nikasema navyo hapendi. Daktari hakuwa ananitazama mimi. Akamuuliza baba, "Babu, umeacha lini hivi vitu?"

Baba akaviangalia vidole vya miguu yake. Kisha akasema, "Tangu Lazaro aondoke."

Naandika kama alivyosema, sijaongeza chumvi. Unakumbuka neno alilokutamkia siku ile ulipoleta habari ya kumwoa Mwantum, kwamba ukioa Mwislamu usile tena kwake. Nilikuwepo jikoni, nililisikia. Ulipokwisha panda basi, yeye alikwenda zizini akakaa huko, na huko huko akaweka nadhiri. Kwamba kama amemfukuza mwanawe kwenye chakula chake, basi na yeye hatatia mdomoni chochote kinachotoka kwa mnyama, si nyama, si maziwa, si samli, hadi siku utakapoketi ule naye. Hakumwambia mtu. Sisi alitupa habari za meno na tumbo, na mimi nikazimeza, nikawa nampikia mboga yake pembeni na kuwasifu wazee wenye kiasi. Miaka sita nimemhudumia ugonjwa kwenye sahani kwa mkono wangu. Linaniuma hilo, na nimeona nikuambie kwamba linaniuma.

Daktari alieleza kwamba kuna vitamini, B12, ambayo mwili huipata kwa wanyama. Mtu anaweza kuishi kwa akiba yake miaka kadhaa, na uzeeni tumbo nalo huichukua kwa shida. Akiba ikiisha, mishipa ya fahamu na uti wa mgongo vinaharibika. Dawa yake ni sindano, siku moja ndiyo, moja hapana, kwa wiki mbili, kisha moja kila mwezi. Sindano zipo na si kazi kubwa.

Baba amezikataa.

Aliuliza kwanza hiyo dawa ni nini. Akajibiwa ni kile kile ambacho angekipata kwenye nyama. Basi akasema hiyo ni nyama inayopita mlango wa nyuma, na Mungu anaiona milango yote. Daktari alimweleza kwamba inatengenezwa kiwandani, wala haitoki kwa ng'ombe. Hakuyumba, na hapo alikuwa amekaa. Tumerudi nyumbani na makaratasi. Mchungaji naye amekuja, akamwambia nadhiri ya kujidhuru inaweza kufunguliwa. Baba akamshukuru, akamsindikiza mpaka mlangoni kwa kishindo chake, akaniambia kwamba yeye hakuweka nadhiri kwa mchungaji. Unamjua. Ukaidi ule ule ndio ulionao wewe, mmegawana kama pacha.

Mzee Stefano nilimweleza mwenyewe habari ya kufumba macho. Alikuja kuomba radhi, wakasali pamoja, na safari hii Stefano alimshika mkono. Nafasi yake wamemrudishia. Kwa hiyo pombe imekwisha, imebaki miguu.

Kuhusu miguu, daktari hakunificha. Akianza sindano sasa, sehemu kubwa inaweza kurudi taratibu, kwa miezi. Akichelewa, kinachokufa hakifufuki, na baada ya miguu huja mikono, kibofu, hata kumbukumbu. Nikamuuliza tuna muda gani. Akasema huo usihesabu kwa mwaka, hesabu kwa wiki. Ametupangia turudi tarehe thelathini mwezi huu. Nimehesabu, ni wiki mbili. Wiki iliyopita baba alianguka njia ya kisimani mchana kweupe, akakaa pale mpaka Benjamin alipopita na baiskeli. Alisema alikuwa anapumzika.

Najua alikukosea. Alimkosea na Mwantum, na mwanamke yule hakumfanyia lolote. Sikuombi usahau, wala sikuambii ulikuwa na kosa, maana hukuwa nalo. Baba mwenyewe anajua hukuwa nalo, ameishi na hilo mdomoni miaka sita kila wakati wa chakula. Alichoshindwa ni kulisema. Nilimwambia akupigie simu, akashika simu, akaitazama, akanirudishia, akasema atasema ukiwa umekaa.

Hajui kwamba nakuandikia. Akijua atanizuia, atasema mtoto asirudishwe kwa huruma ya ugonjwa. Mimi sina heshima ya namna hiyo. Nakurudisha kwa lolote nitakalopata.

Njoo na Mwantum na watoto. Nitamwita Mzee Mselemu wa msikitini achinje kuku, ili wifi yangu ale bila wasiwasi, na baba nimeshamuuliza kwa mbali kama angekula kilichochinjwa na Mselemu. Alifikiri, akasema kuku ni kuku. Lazaro, angesema neno hilo miaka sita iliyopita, leo angekuwa anakimbia.

Msalimie Mwantum kwa moyo wote, na Mansuri, na yule mdogo, Maryam, ambaye sijamwona. Benjamin na Pendo wanawasalimu. Mungu awalinde njiani na kazini, na alainishe mioyo yote miwili ambayo mimi imenishinda.

Nimekaa wiki mbili na zaidi najifunza jinsi mtu anavyopimwa mwendo, na nimeona jambo moja ambalo halihitaji daktari. Baba hawezi kuja Tunduma. Kati yenu wawili, mwenye miguu ni wewe.

Ni mimi dada yako ninayekupenda na kukungoja,

Agripina