Kompyuta Yenye Kelele

Mwanangu,

Huku mimi ni mzima, na lile bomba la jikoni limeacha kuvuja.

Kompyuta ya mtumba nimeshanunua. Nilifanya kama ulivyonielekeza: niliiwasha mwenyewe, nikachomeka flashi katika kila tundu, nikapapasa mgongoni kama inachemka. Jambo moja tu nimekukaidi. Ulisema nichague iliyo kimya. Hata fundi alinisihi, "Mzee, feni ya hiyo inanguruma. Chukua hii, haisikiki kabisa."

Nikamwambia abaki nayo.

Usinicheke. Tangu mama yako atutoke, nyumba imepoa mno. Kuitumia bado sijui. Asubuhi naiwasha tu, naenda jikoni kuchemsha chai, na nikiwa huko nasikia kama kuna mtu sebuleni.

Ni mimi,
Baba yako