Chuma cha Baba Hakimo Kwenye Kifurushi

Kitengela, Jumatatu

Mama yangu,

Natumaini goti limetulia na ile ng'ombe nyekundu imeacha kukupiga teke. Mimi niko mzima, ila mwili umekataa kukaa. Hata saa hii naandika nimesimama. Naandika kwa sababu kwa simu unasikia nusu, ile nusu ingine unajitungia.

Najua utapekua kifurushi ukitafuta chuma cha kulehemu cha Baba, kile ndugu yangu Wafula anadai. Hakimo. Usikasirike, sikiliza kwanza.

Wiki iliyopita aliingia kibandani kwangu mzee Nkaru, mpiga kinanda wa kanisa huko Isinya. "Sopa," akanisalimia kwa Kimaasai. "Ipa," nikamjibu kama nimezaliwa manyattani. Amebeba ubao wa midi wa zamani, mzito kama mlango wa jela. Mama, hiyo ni kitu ya vitufe inalala sakafuni. Mwanamuziki anakanyaga, kinanda kinabadilisha sauti, mikono ikiendelea kucheza. Kutoka hapa mpaka Kiserian hakuna fundi mwingine anaigusa. Wanajaribu, wanalia, wanakuja kwangu.

Nkaru alitaka vitufe vipya na betri mpya. Shida ni hiyo betri. Ni ndogo kama shilingi, imelehemiwa ndani, na ndiyo inalinda sauti zote. Ikikatika kidogo tu, zinafutika. Na hizo sauti zilipangwa na marehemu ndugu yake, Lemayian. Hakuna mtu anajua alizipanga namna gani.

"Na zikipotea?" nikamuuliza.

"Baki na ubao. Mimi nitaacha kinanda."

Nikaunganisha betri ingine kando, ishikilie sauti nikifanya kazi. Nikachukua chuma changu cha stima. Kugusa tu, taa za ubao zikatetemeka. Kumbe kinavuja stima, na kidogo tu ya hiyo ingefuta kila kitu. Nikakiweka chini. Nimeshindwa, mimi niliyetengeneza redio ya chifu nikiwa nimefunga macho!

Hapo ndipo nikamkumbuka Baba akiziba sufuria zako kwa chuma alichopasha kwa makaa. Makaa hayana stima. Nikazungushia ncha ya chuma chake waya mwembamba wa shaba ili iingie mahali padogo, nikakimbia kwa Mama Wambui, jirani anayechoma mahindi.

"Wewe, unachoma nini kwa jiko yangu?"

"Kinanda."

"Toa huo wazimu, unanifukuzia wateja!"

Chuma kikipoa narudi mbio kwa makaa, kikishika moto narudi kwa ubao. Mama, hata malori ya Namanga yalisimama kuniangalia. Betri ya zamani ikatoka, mpya ikaingia, na vitufe vipya vikafuata.

Nkaru akaunganisha ubao na kinanda na spika alivyokuja navyo, akavua kiatu, akakanyaga, akapiga. Kimya. Kumbe mzee hajafungua spika! Akafungua, akakanyaga tena, akapiga. Ikatoka sauti kama watu wanaimba ng'ambo ya mto.

"Huyo ni Lemayian," akasema. Hakuendelea na kitufe kingine. Alisimama tu hapo, mguu mtupu.

Sasa Kiserian wananiita, Kajiado wananiita, nitakaaje chini? Kwenye kifurushi kuna blanketi na dawa ya goti. Nisalimie dada yangu Nekesa na watoto wake, waambie mjomba wao amekuwa mtu mkubwa. Msalimie pia mzee wa kanisa anayekusomea hii barua. Asiruke mahali pa sifa zangu.

Na Wafula mwambie anunue chake. Cha Baba kiko kazini.

Mwanao asiyekaa,
Barasa