Nilimwambia Mzee Betri Imechoka

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijapata wazimu. Mimi ni fundi simu, nimepanga chumba cha chini kwenye nyumba ya ghorofa, na juu yangu anaishi mzee mmoja mshonaji ambaye tangu nihamie ananiita mwanangu, na mke wake alikuwa mgonjwa wa pumu.

Mimi napenda sana kujifunza, nikapata kifaa kidogo cha redio kinachoendeshwa na programu ya kompyuta, nikatengeneza mnara wa simu juu ya meza yangu, mnara kama wa kampuni ila haukuunganishwa na kokote, na ili simu zangu mbili za majaribio ziukubali ilibidi upewe namba ya utambulisho ya kampuni, na ile sehemu ya kuchagua simu zipi ziruhusiwe kuingia ikabaki wazi. Jumamosi hiyo saa tisa alasiri mnara ukawaka, simu zangu zikaingia, mara ikaingia ya tatu, ikajaribu kupiga mara nane na zote zikakwama, na mshauri, nilipiga makofi, nikapiga picha kioo cha kompyuta nikawatumia mafundi wenzangu wakaniita injinia, na hapo ndipo nikasikia vishindo kwenye ngazi, mzee anakimbilia barabarani kutafuta gari, mke wake amebanwa na pumu. Mama wa watu alifia getini.

Baada ya mazishi mzee akaniletea simu yake. "Mwanangu, hebu nitazamie hii. Siku ile alama za mtandao zilijaa pomoni, mbona haikupiga? Watoto wanasema nilibabaika, nikabonyeza ovyo."

Ulimi ukanisaliti, nikasema, "Betri imechoka, mzee."

Akasema, "Marehemu alishaniambia niibadilishe. Nikawa namwambia kesho, kesho."

Tangu siku hiyo hapandi ngazi bila kushika ukuta. Je, ninyamaze, au nihame?

Fundi wa chumba cha chini

Fundi,

Pole. Najua hukutaka mama wa watu afe. Pole yangu inaishia hapo, sasa tuseme ukweli.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Penye furaha umeandika "nilipiga makofi", "nikatengeneza". Penye kosa, "ikabaki wazi", "zikakwama". Ilijiacha wazi yenyewe? Wewe ndiye uliyeiacha. Wewe ndiye uliyeazima namba ya kampuni, simu ya mzee ikadanganyika kuwa huo ni mnara wa kweli, na wewe ndiye uliyeona simu usiyoijua inahangaika mara nane usijiulize ni ya nani.

Hata hivyo, hilo la Jumamosi ningeweza kuliita uzembe. La betri siliiti hivyo. Ulikuwa na akili timamu, mzee amesimama mbele yako, ukamtwika kifo cha mke wake. Halafu unaniuliza uhame! Uhame umwachie nani mzigo huo?

Chomoa kifaa hicho leo, usikiwashe tena. Kumbukumbu zilizo kwenye kompyuta usizifute, hata moja. Tafuta mwanasheria, kisha nenda mwenyewe kwa mamlaka ya mawasiliano kabla hawajakufuata. Hukuwa na kibali, na utaulizwa. Inawezekana ukafungwa. Siwezi kukuficha hilo.

Lakini kwa mzee usisubiri mwanasheria. Nenda kesho mchana, na umwombe awaite wanawe, maana na wao wamemhukumu. Huenda akakufukuza, huenda wanawe wakakukunja shati. Usijitetee, usilie mpaka yeye aanze kukubembeleza, na usimwombe msamaha siku hiyo hiyo kana kwamba anakudai jibu.

Mambo ya redio na programu yaache kwanza, atauliza akitaka. Anza kwa kumwambia mbele ya watoto wake kwamba betri ilikuwa nzima, na kwamba alipiga sawasawa, mara zote nane.