Mihayo, Mama na Yadi Mia

Jumanne, 1 Juni 1954. Igalula.

Nimepiga debe tena jioni hii mpaka mkono umeuma. Bastola ya kuanzishia mbio hatuna, basi debe. Nikipiga, Mihayo anaondoka. Anaanzia karibu na reli, anaishia kwenye kichuguu, juu ya njia ya zamani ya wapagazi. Imenyooka, na miguu ya watu imeikanyaga mpaka jembe haliingii. Babu alipita hapo na pembe begani, akaenda nayo hadi Bagamoyo, na hakuna aliyempigia makofi. Mchumba wangu anafika kwenye kichuguu tu, anasifiwa jimbo zima. Nimemwambia hivyo. Amecheka, akarudi mstarini.

Anakimbia vizuri mno. Naandika hapa kwa sababu mbele yake sisemi.

Mama alikuwa anarudi kisimani. Alipomwona akajitosa kwenye mihogo, ndoo na yote. Mihayo naye akageuka akawa anatazama reli mpaka nilipomwambia amepita. Ndivyo ilivyo tangu posa ipokelewe. Mkwe na mkwe hawaonani. Lakini Mama ni mnene, na mihogo ya mwaka huu ni mifupi. Igalula nzima ilimwona, isipokuwa Mihayo.

Alhamisi, 3 Juni.

Darasa la pili ninalofundisha wamenichosha. Wote wanataka kukimbia, hakuna anayetaka kusoma.

Bwana Saidi amekuja na gari moshi kutoka Tabora kumtazama Mihayo. Ana duka la nguo mjini na tumbo linalotangulia mwili. Zamani yeye ndiye aliyekuwa tumaini la Tabora. Kisha akaoa, na mwaka uliofuata akapitwa na kila mtu, hata na karani wa posta. Anasimulia mwenyewe huku anacheka. Katika vijana aliowafundisha baada ya hapo, mmoja ni katekista, mmoja anapima ngozi kwa mizani, mmoja alikimbia shule na hajarudi. Anasema kijana wa mbio hawekwi akiba. Leo ni upepo, kesho ni mkia.

Mihayo naye ana historia yake. Mwaka juzi alikuwa kitandani na homa siku ya mashindano. Mwaka jana aliondoka kabla ya bastola, mara mbili, wakamtoa. Kamati ya mashindano imesema mwaka huu ndio mwisho. Mshindi wa Tabora, Jumamosi ya wiki ijayo, anakwenda Dar es Salaam kushindana na Tanganyika nzima. Akishindwa, mwakani hawamwiti tena.

Jirani yetu alikuwa anasikiliza kwenye ua. Akasema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Nimemjibu vibaya. Sijutii.

Jumapili, 6 Juni.

Mihayo alikuja kusali kwetu. Ibada ilipoisha Mama alikuwa mlangoni anaagana na mchungaji, na Mama akianza kuaga hamalizi leo. Mihayo akatokea dirishani. Akaangukia kwenye mchicha wa mchungaji. Vijana wamecheka mpaka wakakaa chini. Nami nimecheka, Mungu anisamehe.

Nyumbani Mama hakucheka. Aliniuliza anakimbiaje. Mikono anaibana au anaitupa? Anauma mdomo? Akasema kila mtu amemwona, hata wauza kuni wamemwona, ila yeye atakayewalea wajukuu. Baba akamwambia avumilie, mjukuu akizaliwa watatazamana mpaka wachoke. Mama akanyamaza.

Mama akinyamaza, ogopa.

Jumatano, 9 Juni.

Baridi asubuhi. Vumbi. Debe. Leo sikumwona akiondoka. Nilipiga, nikainua macho, alikuwa amekwisha kufika kwenye kichuguu. Nina furaha mpaka nimeunguza ugali. Baba ameula hivyo hivyo.

Jumamosi, 12 Juni. Nimerudi kutoka Tabora.

Nina hasira, lakini nataka kuandika mambo yalivyokuwa.

Mama alituaga stesheni, kapu la karanga kichwani, akasema anabaki kuuza. Kumbe alipanda behewa la nyuma.

Uwanja ulijaa. Mihayo alikuwa mstari wa kati. Kando yake yule kijana wa Kaliua, Ramadhani, anayefanya kazi pale njia panda ya reli. Bastola ikalia. Mihayo hakuondoka kabla. Aliondoka nayo. Nusu ya uwanja alikuwa peke yake. Nilikuwa napiga kelele ambazo mwalimu hapaswi kupiga.

Mbele kabisa, nyuma ya utepe, palisimama mtu mnene aliyevaa koti la Baba na kujifunika kanga mpaka machoni. Kanga ikamziba asione vizuri. Akaifunua.

Mihayo akamwona.

Hakusimama. Alikata kushoto, akaruka kamba, akachuchumaa nyuma ya meza ya waamuzi na mikono usoni. Mama naye akageuka akakimbilia kulia, karanga zinamwagika. Sikujua kuwa Mama anaweza kukimbia. Watu wawili ninaowapenda kuliko wote, mmoja huku, mwingine kule, na utepe katikati haujaguswa. Ramadhani akaukata. Hakuna aliyemtazama.

Kisha wazee wakaanza kupiga makofi. Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee mmoja karibu nami akasema huyo kijana amelelewa. Bwana Michezo, Mzungu anayesimamia mashindano, akawa anauliza kama mkimbiaji ameugua. Akaandika kwamba Mihayo ametoka nje ya mstari. Basi. Imekwisha.

Nimewachukia wote wawili kuanzia Tabora hadi Igalula.

Jumapili, 13 Juni.

Mama hakula. Hakwenda kusali. Mihayo amelala kwa Bwana Saidi mjini, hataki kuonekana.

Nilimwuliza Mama kwa nini. Akasema alitaka kuona tu, mara moja. Nikamwuliza kama ameona. Akasema ndiyo, anakimbia kama marehemu mjomba wangu alivyokuwa akiwakimbiza nyani shambani. Kisha akalia. Nusu ya hasira yangu imekwisha. Nusu bado ninayo.

Jumanne, 15 Juni.

Bwana Saidi ameshuka kwenye gari moshi akihema na kucheka, sikumwelewa mpaka alipopewa maji.

Ni hivi. Ramadhani mwenyewe alikwenda kwa Bwana Michezo. Akamwambia hakumshinda mtu, mtu alikuwa anamkimbia mkwe. Akienda Dar kwa ushindi huo, Kaliua watamtania mpaka azeeke, na watani wake wa Kigoma ndio watakaoanza. Anataka warudie. Bwana Michezo akamwita Bwana Saidi amweleze mkwe ni nini. Bwana Saidi akamweleza taratibu, kwa kuwa jambo lenyewe ni zito. Yule Bwana akasikiliza huku anavuta kiko. Kisha akasema mama wa mkewe anakuja kutoka Ulaya mwezi wa nane, na akacheka mpaka kiko kikamdondoka.

Wanarudia Jumamosi. Wallahi, alisema Bwana Saidi, sijawahi kuona kijana kama huyo wa Kaliua. Mimi pia. Nimemwombea Ramadhani leo, kisha nikakumbuka kuomba asishinde.

Alhamisi, 17 Juni.

Mambo si mazuri. Mihayo amerudi kufanya mazoezi lakini hakimbii sawa. Napiga debe, anaondoka, hatua chache tu macho yanaanza kutafuta. Anatazama mihogo, kichuguu, kila kanga inayopita. Mguu unafuata macho. Amekimbia kama mlevi anayerudi kwake.

Mama aliapa kwamba Jumamosi atajifungia ndani. Nikamfikishia. Mihayo akasema kwa upole kwamba anamheshimu sana mama, lakini mama atachungulia. Ni kweli. Atachungulia.

Ndipo Mama akasema kwa sauti kutoka nyuma ya jiko. Alijifanya anasema nami.

"Kabula, mwambie mkwe wangu nitasimama nyuma yake. Nitakohoa, ajue niko wapi. Mbele hakuna mtu."

Nilicheka. Mihayo hakucheka. Baba aliacha kushona kiatu. Akasema mila inakataza macho, haikatazi kikohozi. Na mtu akiondoka alipo mkwe, akaondoka upesi, kosa lake nini? Hiyo ndiyo heshima yenyewe.

Basi Mihayo akasimama mstarini. Mama akajisogeza kwa mgongo mpaka nyuma yake, mbali kidogo, na mwavuli. Akakohoa. Nikapiga debe.

Amekipita kichuguu. Tulimwita arudi, akawa hasikii.

Jumamosi, 19 Juni. Tabora, nyumbani kwa Bwana Saidi.

Ameshinda. Ameshinda.

Habari ilikuwa imeenea mpaka sokoni, na leo watu walikuwa wengi kuliko Jumamosi iliyopita. Hakuna aliyetaka kusimama kwenye utepe, wote walijazana upande wa kuanzia. Mama alikaa nyuma ya mstari juu ya kiti cha Bwana Saidi, mwavuli umefunguliwa mbele ya uso, kanga mpya. Bwana Michezo alimvulia kofia. Mama hakumwona, alikuwa nyuma ya mwavuli.

Wakimbiaji wakainama. Mama akakohoa. Nikaona mgongo wa Mihayo ukikakamaa.

Bastola.

Sijui nieleze vipi. Hakutafuta chochote kwa macho. Alikwenda. Ramadhani naye alikwenda, na kwa muda mfupi walikuwa sawa, kisha Mama akakohoa tena, bila kuambiwa na mtu, na hapo Mihayo akaachana na watu wote. Akakata utepe, akaruka kamba ya mwisho, akapita katikati ya baiskeli za makarani, akashika barabara ya stesheni na utepe kifuani. Vijana walimfuata kumrudisha. Ramadhani alikuwa wa pili. Alilala chini kwenye majani, anacheka, anashindwa kuinuka.

Nililia mbele ya watu. Nilimkumbatia Bwana Saidi, jambo ambalo halikufaa. Mama aliniuliza kutoka chini ya mwavuli, vipi, mbona hawaniambii. Alikuwa hajaona kitu. Nilimwambia. Akasema, "Nilijua. Nilisikia vumbi."

Mshindi anakwenda Dar, na wa pili naye huchukuliwa awe akiba. Mama anauliza kama na mwenye kukohoa huchukuliwa.

Jumamosi, 3 Julai.

Leo ndiyo siku yao huko Dar. Sijui saa ngapi. Nimepika, nimefua, nimewapa darasa la pili hesabu ingawa si siku ya shule, waliokuja kucheza uani wakajuta. Mama amekohoa mchana kutwa. Nikamwambia Dar ni mbali. Akasema anajua, lakini je, ikisaidia?

Jumatatu, 5 Julai.

Gadi wa gari moshi alituletea habari, akaitangaza kwa kelele kabla gari halijasimama. Ramadhani ni wa kwanza. Ramadhani wa akiba! Mmoja aliumia paja asubuhi ile, wakamwingiza yeye, akawashinda wote, na Mihayo pia. Mihayo ni wa nne.

Nilidhani nitalia. Nilisimama hapo na kapu la Mama mkononi, nikisubiri kilio, hakikuja. Wa nne katika Tanganyika nzima. Mwaka jana hakutoka hata mstarini vizuri. Jirani alikuja kutoa pole. Nikampa karanga.

Gadi anasema Kaliua wamepiga ngoma tangu jana, na mkuu wa stesheni naye anacheza. Bwana Saidi atakuwa anasema nilisema mimi, hawawekwi akiba. Safari hii akiba ndiyo iliyoshinda. Namfurahia Ramadhani mpaka mwenyewe nashangaa.

Alhamisi, 8 Julai.

Gari la asubuhi. Nilimsikia kabla ya kumwona, viatu vipya vinalia.

Mama alikuwa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, anamenya karanga, ameipa njia mgongo. Nikadhani ataingia kwenye mihogo. Hakuingia. Hakugeuka. Aliendelea kumenya.

Mihayo akaja kwa njia ya wapagazi, taratibu, kama mtu aliyebeba mzigo. Alipofika usawa wa jiko akasimama, akageuka, akampa mgongo. Akatundika kifurushi kwenye ua. Kanga, nimeiona baadaye, nyekundu, nzuri kuliko yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia wa nne."

"Wa nne, mama. Nyuma hapakuwa na mtu."

Mama akakohoa, kidogo tu. Mihayo akacheka. Nilimwona mabega yakicheka. Lakini hakukimbia. Alibaki pale pale, na yeye Mama akabaki pale pale, kila mmoja akitazama upande wake.

Nimewapelekea uji, mmoja huku, mwingine kule.